Berlin: Shida Si Karatasi, Shida Ni Mpangilio

Kila ikikaribia Oktoba, rununu yangu hujaa maswali ya vijana wanaoelekea Ujerumani kusoma. Wengi wanasomea tarakilishi, ndiyo sababu wananijia mimi. Mwaka jana zamu ilikuwa ya mpwa wangu, aliyekwenda Berlin kwa shahada ya uzamili. Wiki mbili za kwanza alinitumia arafa karibu kila jioni, na lalamiko lilikuwa lile lile ninalolisikia kwa wote: "Mjomba, huku bado wanatuma barua za karatasi! Sisi tuna M-Pesa tangu 2007!"

Ni kweli, tunayo. Lakini leo nataka kubishana na hii hadithi tunayojisimulia, kwamba Mjerumani ameachwa nyuma na dawa yake ni programu ya simu. Mimi nalishwa na kazi ya kuandika programu, kwa hivyo sina sababu ya kuzidharau. Ila naona mgonjwa wetu anaumwa kwingine.

Tazama jinsi mambo yalivyofungamana. Sheria ya usajili wa wakazi iliyoanza kutumika Novemba 2015 inamtaka kila anayehamia nyumba ajiandikishe kwenye ofisi ya serikali ndani ya wiki mbili. Wenyewe wanaita Anmeldung. Ili uandikishwe lazima mwenye nyumba akutilie sahihi fomu ya kuthibitisha kuwa umehamia kwake. Ukishaandikishwa unapewa cheti, na cheti hicho ndicho utakachoulizwa huku na kule: kwenye benki nyingi, na kwenye idara ya wageni unapoomba kibali cha kuishi. Nambari ya kodi, ambayo mwajiri ataitaka ukipata kibarua, nayo inakuja baadaye kwa posta.

Sasa mwenye nyumba naye anataka nini kabla ya kukupa ufunguo? Anataka kuona mapato yako, akaunti yako ya benki, na rekodi ya jinsi unavyolipa madeni yako humo nchini. Mgeni aliyeshuka ndege juzi atavitoa wapi?

Wenzangu wa programu mmeshalitambua hili. Kazi ya kwanza inaingojea ya pili, ya pili inaingojea ya kwanza, na mashine yote inaganda. Huo ni mkwamo. Ukinunua tarakilishi yenye kasi mara mia, zitaendelea kungojeana, tena kwa kasi zaidi! Hata usajili wa makazi kwa njia ya mtandao, ambao Wajerumani wameuanzisha, unadai kitambulisho cha huko chenye chipu. Mgeni hukipata mwisho wa safari, yeye anakihitaji mwanzo.

Mkwamo huu una hasara ya pesa taslimu. Ndani yake ndimo matapeli wanamoishi. Utapata tangazo la chumba kizuri, kodi nafuu, mwenyewe anasema yuko ng'ambo, tuma amana kwanza naye atakutumia ufunguo kwa posta. Usitume kitu! Wengine wanauza anwani tupu ili ujiandikishe mahali usipoishi. Sheria hiyo hiyo imekataza, na faini kwa anayetoa anwani ya uongo inaweza kufika euro 50,000.

Je, teknolojia haina msaada? Inao, ikiwekwa mahali pake. Chukua bima ya afya. Chuo hakikusajili bila uthibitisho wake. Tangu 2022 shirika la bima linautuma uthibitisho huo moja kwa moja kwenye mfumo wa chuo, mwanafunzi habebi karatasi. Angalia walichofanya: wamemtoa mwanafunzi katika kazi ya utarishi. Hawakumpa tarishi baiskeli mpya. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi nzuri ya programu, na wala haina kitufe hata kimoja cha kubofya kwenye simu yako.

Na kabla hatujacheka sana, tuangalie kwetu. Muulize mwanafunzi wa Kongo au Sudan Kusini aliyekuja Nairobi kama alivyoona mambo ni mepesi. Akikaa zaidi ya siku 90 anatakiwa ajisajili kama mgeni, na huduma nyingi za mtandaoni humwuliza nambari ambayo wewe ulipata na kitambulisho chako bila hata kufikiri. Mfumo wetu ni rahisi kwetu kwa kuwa tulikulia ndani yake.

Basi nawashauri nini wanaojiandaa? Kata pingu moja, nyingine zitalegea zenyewe. Pingu ya kukata ni nyumba. Omba chumba cha bweni kwa studierendenWERK Berlin mara tu upatapo barua ya chuo, maana foleni ni ndefu. Ukikosa, tafuta chumba cha muda, lakini swali lako la kwanza liwe: naruhusiwa kujiandikisha hapa? Wakisema hapana, hicho ni kitanda tu.

La pili ni pesa ya mkononi. Tangu Septemba 2024, anayetumia akaunti maalumu iliyozuiwa ili apate viza huweka euro 11,904 za mwaka mzima, nazo hutoka 992 kwa mwezi. Hutoka kuingia katika akaunti ya kawaida yenye jina lako. Mpaka uifungue, unakula ulichobeba.

La tatu linaonekana dogo. Bandika jina lako kwenye sanduku la barua siku ile ile unayoingia. Huko tarishi hutafuta jina, si nambari ya mlango. Kadi ya benki ya mpwa wangu ilirudishwa ilikotoka kwa sababu sandukuni palikuwa na jina la mpangaji wa zamani.

La nne, usiiue laini yako ya Kenya. Benki yako ya nyumbani itaendelea kutuma nambari za siri kwa arafa, kwa hivyo washa huduma ya kutumia laini ng'ambo kabla hujapanda ndege.

Vijana wawili wameniomba tushirikiane kutengeneza programu ya kuwasaidia wanafunzi wa ng'ambo. Nimewaambia tuanze na ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye hatua kwa mfuatano wake: hii kabla ya ile, na ile haiwezekani bila hii. Tukishindwa kuuandika ukurasa huo, hiyo programu itakuwa inajua nini?