Hesabu na Majaribio

Wenzetu wengine husema kwamba chombo kikiisha kujaribiwa katika kompyuta kwa mawimbi ya namna nyingi, basi ni salama. Mimi sikubali. Nikipima pembe za pembetatu 100, nimezijua hizo 100 tu. Uthibitisho wa jometri huzimaliza zote: jumla ni nyuzi 180.

Lakini hesabu ya chombo nayo ina sharti: mzigo usizidi. MV Nyerere kilikuwa kivuko cha abiria 101. Tarehe 20 Septemba, 2018, kilipinduka karibu na Ukara kikiwa kimejaa kupita kiasi. Watu zaidi ya 200 wakafa.

Basi sisi tuvukao kutoka Musoma kwenda Kinesi yafaa tutake yote mawili: hesabu ituonyeshe mpaka, na majaribio yahakikishe kwamba chombo chenyewe kinalingana na hesabu. Na mpaka ukiisha kuwekwa, tusiuvuke.