Tuanzie Kiamaiko

Nimechoshwa na kauli kwamba wahadhiri wetu hawasikiki kwenye makongamano ya kimataifa kwa sababu ya lafudhi. Kila mara dawa ni ileile: warsha ya siku mbili hotelini, matamshi, namna ya kusimama, slaidi. Kiingereza kina kazi yake, sikatai, ila warsha hizi zinakanda pasipouma. Mhadhiri wa Kenya amesomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne, tasnifu yake ni ya Kiingereza, na kutwa anafundishia lugha hiyohiyo. Kinachomshinda ni kumweleza mtu asiye wa fani yake kwa nini utafiti wake una maana.

Hilo hufunzwa Kiamaiko, Nairobi. Chukua anayetafiti ugonjwa wa brusela kwenye vichinjio vya mbuzi pale. Amekusanya sampuli, amejaza hojaji, sasa anafunga safari ya Ulaya. Kabla hajaondoka, asimame mbele ya wachinjaji na wauza matumbo, aeleze kwa Kiswahili alichokipata, kwa dakika kumi na tano zilezile atakazopewa huko. Jedwali lenye safu kumi na mbili halitamfaa kitu. Mchinjaji atanyoosha mkono wenye kidonda na kuuliza: damu ikipita hapa, naugua? Jibu ni ndiyo, vijidudu hupenya kwenye ngozi iliyochanika, na inabidi lisemwe wazi, pamoja na la kufanya. Akiweza kulisema hapo bila kujificha nyuma ya istilahi, swali la mwenyekiti wa kikao halitamtisha. Tena wale ndio wenye damu iliyopimwa. Kwangu mimi, kuwapita na kwenda kutangaza matokeo ughaibuni ni kuwakosea heshima.

Hata hivyo, makala ya matamshi imo katika toleo hili, na imeandikwa kwa uangalifu. Nyingine inatazama Bayreuth, Ujerumani, ambako wasomi huwasilisha makala kwa Kiswahili. Wanaodai Kiswahili hakibebi hoja nzito wakumbuke kwamba Joaquim Chissano alihutubia mkutano wa kilele wa Umoja wa Afrika kwa Kiswahili mwaka 2004, na mwaka 2022 Umoja huo ukakipitisha kuwa lugha yake ya kazi.

Wakuu wa vitivo, mafunzo yajayo yaanzieni kwa waliotafitiwa. Na msomaji unayeona nimekosea, leta hoja yako. Nafasi ipo katika toleo lijalo.