TUSINUNUE UNGA BADALA YA UCHUNGUZI

Mtoto anayeharisha damu kwa majuma kadhaa, akakonda na kuacha kukua, hapaswi kutibiwa kwa kubahatisha. Twayasema haya kwa kuwa unga wa nyuzinyuzi wa makopo unanadiwa kana kwamba ni dawa ya kila tumbo, na mkulima wa Kigwa hushawishika kutoa fedha za mavuno yake kuununua.

Hatuzipingi nyuzinyuzi. Sifa zake zilienezwa duniani na Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda kati ya 1946 na 1964, akaona kwamba maradhi kadhaa ya utumbo yaliyoenea Uingereza yalikuwa adimu kwa wakulima wa Afrika. Nyuzinyuzi hulisha bakteria wema wa utumbo mpana, nao hutengeneza asidi zinazoulisha ukuta wake. Lakini chakula hicho tunacho shambani: mtama, dona, maharage na viazi vitamu. Wapagazi wa misafara iliyopita Kigwa walishiba nafaka za Unyamwezi, si makopo.

Hata hivyo, kulinda afya si sawa na kuponya maradhi. Katika uvimbe sugu wa utumbo, kama ugonjwa wa Crohn, kinga ya mwili huudhuru utumbo wenyewe. Utafiti wa London uliotangazwa mwaka 2011, kwa watu wazima 103 wenye Crohn, ulionyesha kuwa waliopewa unga wa namna hiyo hawakupata nafuu kuwazidi waliopewa unga mtupu. Tena, utumbo uliokwisha kusinyaa kwa makovu waweza kuzibwa na nyuzi ngumu.

Hatari kubwa zaidi ni kukawia. Kuharisha damu kwaweza kuletwa na amiba au kichocho. Kifua kikuu cha utumbo nacho hufanana mno na Crohn, na dawa za kupunguza nguvu za kinga zaweza kukichochea. Bila vipimo, hata tiba huweza kuwa sumu.

Kwa hiyo wazazi wawahi zahanati, na zahanati isikawie kumpeleka mtoto Kitete, na ikibidi Bugando. Viongozi wa vijiji na Halmashauri ya Uyui nao waandae utaratibu wa kuwasaidia wasio na nauli. Kumwambia mkulima aende Mwanza huku mfuko wake ni mtupu ni kumrudisha kwa muuza makopo.