Nahodha asiye na cheti: hasara inayomsubiri mfanyabiashara Ziwa Victoria

Dereva wa lori anayevuka Malaba au Namanga huulizwa leseni na bima. Nahodha wa mashua anayetoka na magunia ya dagaa katika mwalo mmoja wa Ziwa Victoria kwenda mwalo wa nchi jirani, mara nyingi huulizwa ushuru tu. Swali la wapi alijifunza kuongoza chombo, na nani alimpima, huja baada ya ajali.

Ziwa hilo lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800 na linagawanywa na Tanzania, Uganda na Kenya. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kuwa watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa humo kila mwaka, wengi wao wakiwa wavuvi na wasafiri wa vyombo vidogo. Mamia walikufa Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza. Zaidi ya 220 walikufa Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipopinduka ikikaribia kisiwa cha Ukara. Miezi miwili baadaye, Novemba 24, 2018, boti ya starehe ilizama upande wa Mukono, Uganda, na kuua watu zaidi ya 30.

Kwa MV Nyerere na boti ya Mukono, lawama ya kwanza ilikuwa kupakia kupita kiasi. Wenye mali huhesabu mara nyingi kuwa tatizo ni chombo kibovu. Lakini anayekubali mzigo uzidi, anayeamua kuondoka au kusubiri, ni mtu. Na mtu hufundishwa.

Ulaya walivyofanya

Nchi za Ulaya zilikutana na swali kama hili kwa wenye boti za starehe. Mtu anatoka mto wa nchi moja anaingia nchi nyingine: nani atathibitisha kuwa anajua kazi? Mwaka 1998, Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya ilipitisha Azimio Namba 40, lililoweka cheti cha kimataifa cha uwezo wa kuendesha boti ya starehe. Mwombaji hupimwa kwa nadharia na kwa vitendo. Cheti huonyesha kama anaruhusiwa maji ya ndani au ya pwani, boti ya injini au ya tanga. Nchi zinazolikubali azimio hilo huheshimu kadi iliyotolewa na jirani.

Mafunzo yenyewe si ya miaka. Uingereza, kozi ya ngazi ya pili ya boti za injini inayosimamiwa na chama cha RYA huchukua siku mbili, na anayefaulu anaweza kuombea cheti hicho kwa boti ndogo ya injini.

Marekani nako kuna somo. Takwimu za Walinzi wa Pwani za mwaka 2023 zinaonyesha kuwa, pale mafunzo ya mwendeshaji yalipojulikana, takriban robo tatu ya vifo vya boti za starehe vilitokea kwenye vyombo ambavyo mwendeshaji wake hakuwahi kupata mafunzo ya usalama.

Ni kweli kuwa kozi ya starehe haitoshi kwa anayebeba abiria na shehena kwa malipo. Hata hivyo, msingi ni uleule, na ndio unaokosekana katika mialo mingi.

Kinachofundishwa

Somo la kwanza ni mzigo. Mzito huwekwa chini na katikati, hufungwa usisogee, na ukingo wa mashua huachwa juu ya maji ya kutosha. Gunia likinyeshewa huongezeka uzito, na abiria wakikimbilia upande mmoja chombo hulala.

La pili ni hali ya hewa. Ziwa Victoria lina tabia yake: mchana ngurumo hujengeka juu ya nchi kavu, lakini usiku upepo kutoka pande zote hukutana katikati ya ziwa, na dhoruba kali huja kuelekea alfajiri. Hizo ndizo saa ambazo mashua nyingi za mizigo huwa njiani kuwahi soko la asubuhi.

La tatu ni njia. Mwanafunzi hufundishwa dira, ramani, na kusoma nambari za GPS ili aweze kumwambia mwokoaji mahali alipo. Hufundishwa kuwa taa nyekundu iko kushoto na ya kijani kulia, na kwamba boti mbili za injini zikikutana uso kwa uso kila moja hugeukia kulia. Hufundishwa pia hesabu ya mafuta: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba.

Kikwazo kiko wapi

Sheria zipo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Sheria ya Usafiri wa Ziwa Victoria ya mwaka 2007. Tanzania ina TASAC, Kenya ina Mamlaka ya Bahari ya KMA, na Uganda ilipitisha sheria yake ya usafiri wa majini mwaka 2021. Lakini vyuo vinavyojulikana zaidi, cha Dar es Salaam na cha Bandari Mombasa, viko pwani. Nahodha wa Ukerewe au Mfangano hawezi kuacha kazi wiki nzima kufuata darasa la mbali, tena la lugha ngumu.

Wazee wa ziwa nao husema uzoefu watosha. Uzoefu ni mali, lakini haufundishi kile ambacho hakijamkuta mtu. Wengine wanahofia kadi itageuka kitu cha kununuliwa. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana mtihani wa vitendo unapaswa kufanyika mwaloni, mbele ya watu.

Mfano wa kuigwa uko jirani kuliko Ulaya. Mfanyabiashara mdogo wa Jumuiya mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 hutumia cheti cha uasili wa bidhaa kilichorahisishwa, nacho hukubaliwa mpakani. Kama mzigo umeweza kupata cheti rahisi, anayeubeba naye anaweza: kozi fupi kwa Kiswahili, mtihani wa vitendo, kadi moja kwa nchi tatu.

Hadi hapo, nguvu iko kwa mwenye mali. Bima ya shehena za majini kwa kawaida hutaka chombo kiwe kinafaa kwa safari, na nahodha asiye na ujuzi ni sababu mojawapo ya chombo kuhesabiwa hakifai. Kwa hiyo mzigo ukizama, madai nayo yanaweza kuzama.

Kabla gunia la kwanza halijapandishwa, maswali manne yanatosha. Nahodha amefundishwa na kupimwa na nani? Utabiri wa leo wa ziwa umesemaje? Kila aliyemo ana jaketi la kuokolea, na amelivaa? Nani nchi kavu anajua saa ya kufika? Vyama vya wafanyabiashara vinavyochanga kwa ajili ya ghala vinaweza pia kuchangia siku chache za darasa kwa manahodha wanaowategemea.

Nahodha akikosa majibu, mzigo ubaki mwaloni. Dagaa waliochelewa sokoni huuzwa kwa bei ya chini. Waliozama hawauzwi, na aliyezama nao harudi.