Kona za Soni na ukingo wa dari

Ukitoka Mombo kwenda Lushoto unapanda zaidi ya kilomita 30 za lami nyembamba, kona juu ya kona. Upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo. Njia hii ilichongwa enzi za Wajerumani. Leo inapitisha malori ya kabichi na viazi yanayowahi soko la Dar es Salaam, Coaster, na bodaboda zilizopakia mishikaki.

Ajali ikitokea, kanisani tunawahi kusema ni mapenzi ya Mungu, au ni shetani. Fungua Kumbukumbu la Torati 22:8. Ajengaye nyumba mpya anaagizwa aweke ukingo darini, asije mtu akaanguka na damu yake ikailemea nyumba. Sheria ile haimshambulii aliyeanguka. Inamuuliza mwenye nyumba.

Kona za Soni nazo zina wenyewe. TANROADS wana sehemu yao: kingo za chuma, vibao vya mishale, nyasi zilizofyekwa ili dereva aone mbele. Hayo ni nafuu kuliko kupasua mlima. Dereva naye ana yake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayolisukuma gari nje ya kona huongezeka mara nne. Na anayeshuka kwa gia kubwa huku amekanyaga breki muda wote, breki hupata moto zikaacha kushika. Madereva wazoefu hushuka kwa gia ileile waliyopandia.

Lakini nani hukodi gari la kwaya? Ni kamati yetu. Tunachagua la bei ya chini, tunajaza watu hadi mlangoni, kisha tunaombea safari. Sala ni njema (nami huitikia Amina kwa sauti), ila haikazi breki. Mei 6, 2017, kwenye mteremko wa Rhotia, Karatu, basi dogo la shule lilitumbukia korongoni. Zaidi ya watu 30 walikufa, wengi wao watoto waliokuwa wakienda kufanya mtihani.

Kwa hiyo kamati ikikaa wiki hii kupanga safari ya Mombo, muulizeni mwenye gari breki zilikaguliwa lini, na dereva ameshuka mlima ule mara ngapi. Na njiani, mama wa kiti cha nyuma akisema, "Dereva, punguza mwendo," ninyi vijana msimcheke. Mwitikieni.