Wamaza: «Vumilia» si dawa

Kumuambia mama aliyekimbia vita «vumilia» wakati dawa ya usingizi inamuunguza mkono, hiyo si huduma. Ketamini, iliyozoeleka vijijini, haiunguzi hivyo. Inayochoma ni propofoli, ile nyeupe kama maziwa: wasipokingwa, wagonjwa kama 6 kati ya 10 wanasikia maumivu. Na kinga ni rahisi! Sindano iingie mshipa mkubwa wa kwenye kiwiko, si ule mwembamba wa kiganja. Ao mkono ufungwe mpira, itiwe lidokaini, ile ile ya kushonea vidonda, waganga wangoje dakika moja hivi, wafungue, ndipo propofoli ifuate. Hospitali yenye propofoli itakosaje lidokaini? Ndugu za wagonjwa, Kasongo na Kabambare, ulizeni mapema: mtachoma mshipa gani?