Hukumu ya Mahakama ni Amri kwa Askari Pia

Wamo miongoni mwetu askari wanaodhani kwamba mtu anayeishtaki Serikali mahakamani ni adui wa Serikali. Dhana hiyo ni potofu, na hatuna budi kuisahihisha, hasa katika eneo la Mbarara na Isingiro, ambako kambi za jeshi, vituo vya polisi, Mahakama Kuu na makazi ya wakimbizi ya Nakivale vimekaribiana.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika Ibara ya 50, inatamka kwamba mtu yeyote anayedai kuwa haki yake imevunjwa, au iko hatarini kuvunjwa, anaweza kwenda mahakamani. Yafaa tuyatazame maneno hayo vizuri. Katiba imesema mtu yeyote. Haikusema raia peke yake. Mkimbizi aliyetoka Kongo, Burundi au Somalia naye ni mtu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 nayo inampa haki ya kufika mahakamani, na inakataza asirudishwe mahali ambako maisha yake au uhuru wake utakuwa hatarini.

Je, kwa nini watu waende mahakamani na hali Bunge lipo? Ni kwa sababu kinga ya haki za watu yaweza kulegezwa na sheria yenyewe. Mwaka 2008, katika shauri la Muwanga Kivumbi, Mahakama ya Katiba ilibatilisha kifungu cha Sheria ya Polisi kilichompa Inspekta Jenerali uwezo wa kupiga marufuku mikutano. Mwaka 2013 Bunge lilipitisha sheria mpya ya kusimamia mikutano ya hadhara, na uwezo uleule ukarejea kwa mlango mwingine. Waliopinga walirudi mahakamani. Tarehe 26 Machi 2020, majaji walikifuta kifungu cha 8 cha sheria hiyo, wakieleza kwamba Bunge haliwezi kufufua jambo lililokwisha kubatilishwa na mahakama.

Shauri la pili linatugusa sisi wanajeshi moja kwa moja. Michael Kabaziguruka, aliyekuwa Mbunge wa Nakawa, alishtakiwa mwaka 2016 mbele ya mahakama ya kijeshi ingawa si askari. Alipinga. Tarehe 31 Januari 2025, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuwashtaki raia katika mahakama za kijeshi ni kinyume cha Katiba. Mwezi Mei mwaka huohuo Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Jeshi, ambayo yaliruhusu tena raia kufikishwa katika mahakama hizo katika mazingira maalumu, na mwezi Juni yakatiwa saini. Wanasheria nao wakaenda Mahakama ya Katiba kuyapinga.

Wenzetu wengine husema kwamba mabishano hayo ni ya Kampala. Sivyo. Tuchukue mfano: mkimbizi anakutwa katika soko la Nakivale na koti la kijeshi lililochakaa, ambalo labda alilivaa akikimbia vita. Askari amemkamata. Je, ampeleke wapi? Kwa polisi, ili afikishwe kwa hakimu, au kambini? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua ni nani atakayemsikiliza mtu huyo, ni nani atakayemtetea, na atakaa kizuizini kwa muda gani. Katiba, katika Ibara ya 23, imeweka muda wa saa 48 ili mtu awe amefikishwa mahakamani. Hivyo basi, hoja wanazozijadili majaji huishia mikononi mwa koplo aliye zamu.

Nakivale yenyewe inatufundisha hatari ya kutenda kabla ya sheria kusema. Mwezi Julai 2010, Wanyarwanda zaidi ya 1,700 walirudishwa kwao kwa nguvu kutoka Nakivale na Kyaka. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lililalamika kwamba miongoni mwao walikuwamo watu waliokwisha kutambuliwa kuwa wakimbizi. Lori likiisha kuvuka mpaka, hukumu ya hakimu haimrudishi aliyemo.

Kuna wanaouliza kama mahakama zinaelewa uzito wa usalama. Swali hilo ni halali. Nchini Kenya, baada ya mashambulizi ya kigaidi, sheria ya Desemba 2014 iliweka kikomo cha wakimbizi 150,000 kwa nchi nzima. Mnamo Februari 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikifuta kifungu hicho pamoja na vingine, lakini iliviacha vifungu vingi vya sheria hiyo. Majaji hawakuinyang'anya Serikali silaha za kupambana na ugaidi. Waliionyesha mpaka wa matumizi yake.

Wajibu wetu umeandikwa wazi. Ibara ya 221 inavitaka jeshi, polisi na magereza viheshimu haki za binadamu katika kazi zao. Sheria ya kuzuia utesaji ya mwaka 2012 haikubali amri ya mkubwa kuwa udhuru. Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya mwaka 2019 inamfanya mtumishi wa umma awajibike yeye mwenyewe kwa haki aliyoivunja, hata kama Serikali nayo inawajibika.

Zaidi ya hayo, kila askari ana mzazi, ndugu na watoto walio raia, na siku atakapostaafu atavua sare awe raia kama wao. Kinga inayolegezwa leo kwa mkimbizi wa Nakivale ndiyo atakayoitafuta kesho yeye mwenyewe. Kwa hiyo, anayekwenda mahakamani kuitetea aachiwe njia. Na hukumu ikitoka, hata ikiwa chungu kwetu, itekelezwe kama amri nyingine yoyote halali.